Kiganja cha Baba

Sheria yaanzia mkononi.
Vidole vinne vilivyobanana: hicho ndicho kiganja,
na viganja kumi ndio ukuta mfupi kupita wote.
Haikuandikwa kiganja cha nani.

Baba yetu, Zelman, alikata almasi
nyuma ya stesheni ya Antwerpen,
miaka arobaini, jicho moja kiooni,
akipima vitu vilivyo vidogo kuliko punje ya mtama.
Lakini kila vuli, mfungo ukiisha,
kabla hata supu haijapoa,
alishuka uani na fimbo ya mwaloni
yenye mikato kumi, mkato kwa kila kiganja chake.

"Usiwe chini ya hii," alisema.
"Wala usipande ukapita dhiraa ishirini:
paa likiwa mbali mno jicho hulisahau,
na asiyeliona paa lake
hudhani yumo katika jumba alilojijengea."

Sukka haisukwi ikazibana.
Ni matawi yaliyoota ardhini yakakatwa,
kivuli kizidi jua,
na usiku nyota zipate pa kuchungulia.
Wala usiiweke chini ya roshani ya jirani.
Bibi Godelieve wa ghorofa ya pili
alikuwa na roshani iliyofunika nusu ya ua,
nasi tulijibana katika nusu iliyobaki,
kati ya mapipa ya taka na baiskeli zake,
chini ya anga ya Mungu, upana wa meza na viti vitano.

Mwaka huu fimbo i mkononi mwangu.
Dada yangu Perl amekuja na utepe wa chuma.
"Sabini na tatu," asoma.
"Wanazuoni wasema themanini. Wengine tisini na sita."
Nami napima kwa kiganja changu:
mikato yake kumi kwangu ni minane na nusu.
Tunatazamana.
Basi miaka yote ile
tulikula na kulala na kubariki divai
ndani ya kitu gani?

Mama, dirishani, anamenya karoti.
"Zelman hakujenga ukuta mfupi kuliko kofia yake,
hata siku moja," asema.
"Fimbo ile haikuwa ya kuta.
Ilikuwa ya kuwapima ninyi."
Akafunga dirisha; baridi ilikuwa inaingia.

Perl alicheka, akakunja utepe.
Mimi sikucheka.
Nilikumbuka usiku mmoja wa sikukuu,
upepo wa bahari ya kaskazini ukang'oa turubai ya upande wa tatu,
na nyundo haishikwi siku takatifu.
Kuta mbili kamili, na ya tatu
hata kiganja kimoja chatosha,
lakini hakikubaki hata hicho.
Baba alisimama na kikombe kimejaa mkononi.
Kisha akaniita, kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Njoo usimame hapa, uutazame mwezi."
Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi,
nikiamini kwamba ananifundisha habari za mwezi.

Mtu aweza kuwa ukuta. Imeruhusiwa.
Sharti asijue.
Na awe na viganja kumi, kwa kiganja cha anayehesabu.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha.
Nayo sheria ni pole: uji ukiharibika, inuka, ingia ndani,
anayeteseka hana deni.
Mama hakuinuka. Alifunika sufuria kwa kitabu cha simu.
Mvua ikakatika, upepo ukashika zamu,
kamba zangu mbaya zikafunguka zenyewe,
na turubai ikaenda kukaa juu ya baiskeli za watu.

Nilimtazama Kalman, mtoto wa Perl, miaka sita.
Asubuhi nilikuwa nimempima kwa mzaha:
alipita mkato wa kumi kwa unene wa sikio.
"Njoo usimame hapa," nikamwambia. "Uutazame mwezi."

Akaja. Akainua uso.
"Mjomba, mwezi haupo. Ni mawingu tu."

Nikaweka mkono mbele ya mshumaa.
"Endelea kutazama."